Barua ya wazi kwa RTO wa Mbeya: wameshadimu, na bado hatuoni

Kwa Mkuu wa Kikosi cha Usalama Barabarani,
Mkoa wa Mbeya.

YAH: TAA ZA MAGARI USIKU, BARABARA YA IGAWA HADI MBALIZI

Afande, pole na majukumu.

Mimi ni dereva wa Fuso. Nabeba mchele wa Igurusi na Chimala, na msimu wa viazi napandisha Isyonje. Kazi yangu kubwa ni ya usiku, kwa sababu sokoni wanataka mzigo ufike alfajiri. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, barabara hii hailali. Sitaki yazuiwe, abiria naye ana haraka zake. Ninachoomba ni taa ziangaliwe.

Kila inapokuja habari ya taa, madereva tunaambiwa neno moja: dimu, yaani shusha taa, unapopishana na mwenzako. Sawa, wakaidi wapo, na hao uwashughulikie. Lakini siku hizi anayenipofusha zaidi ni yule ambaye ameshadimu. Nampigia fulu, yaani ile taa kali ya mbali, mara moja kumkumbusha, naye ananijibu kwa fulu yake. Hapo ndipo najua kwamba kumbe ile iliyonitoa machozi ndiyo ilikuwa dimu.

Chanzo kinaonekana ukikaa gereji. Balbu ya halojeni aina ya H4, iliyomo kwenye magari mengi ya huku kwetu, ina nyuzi mbili, na chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha bati kinachozuia mwanga usipande juu. Bakuli la taa nalo limechongwa kwa kufuata mahali hasa uzi ulipo. Sasa mtu ananunua balbu ya LED dukani na kuichomeka humo humo. Vile vijitaa vyake havikai pale uzi ulipokuwa, na tofauti ya milimita chache inatosha kuutawanya mwanga hadi machoni pa anayekuja. Mwenye gari anafurahi, maana mbele yake kumekuwa kweupe. Siilaumu LED yenyewe. Gari lililotoka kiwandani nayo lina taa iliyoundwa kwa ajili yake, na likidimu, linadimu kweli.

Mzigo nao una lake. Gari likishindiliwa nyuma, pua inanyanyuka na taa zinanyanyuka pamoja nayo. Magari mengi yana kitufe cha kuzungusha karibu na usukani, kimeandikwa namba kuanzia 0, cha kuziinamisha taa kadiri mzigo unavyoongezeka. Waulize vijana wetu ni cha nini. Wengine watakwambia ni cha mwanga wa dashibodi. Halafu kuna malori yaliyotengenezwa kwa nchi zinazoendesha kulia. Dimu yake imekatwa iinuke kidogo upande wa kulia, ili imulike ukingo wa barabara ya huko. Kwetu tunaoendesha kushoto, kulia kwake ndiko ninakotokea mimi.

Afande, lori likiwa kwenye kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kwa sekunde. Dereva akipofuka sekunde tatu tu, ameshapita zaidi ya mita 60 bila kuona kitu. Na unajua kinachokuwa ndani ya mita hizo: guta lisilo hata kiakisi mwanga, boda isiyo na taa ya nyuma, mama anayerudi gulioni amevaa nguo nyeusi. Au semi iliyokata ekseli, imewekewa matawi ya miti badala ya pembetatu. Yale majani ukimulikwa usoni huyaoni kabisa mpaka uyakanyage.

Tunajilinda tunavyoweza. Naondoa mguu kwenye mafuta, naacha kuzitazama taa zake, nafuata kwa jicho mstari mweupe wa kushoto pale unapoonekana. Kioo nakifuta na kwa ndani, maana utando wa vumbi na moshi unautapanya mwanga kioo kizima. Miwani ya njano wanayotembeza stendi siitaki: inapunguza mwanga wote, hata ule unaonionyesha mtembea kwa miguu. Kulipiza kwa fulu nako ni kuongeza kipofu wa pili barabarani. Na kati ya Isyonje na Kiwira, ukungu ukishuka, fulu inakurudia mwenyewe kama ukuta mweupe.

Ombi langu halihitaji bajeti. Tafuta sehemu tambarare yenye ukuta, tepu na chaki. Gari lisimame mita 10 kutoka ukutani, likiwa na mzigo wake. Pima urefu wa taa kutoka chini, chora mstari ukutani kwa urefu huo huo, kisha mwingine sentimita 10 chini yake. Dimu ikiwashwa, ukingo wa juu wa mwanga ukae kwenye mstari wa chini au chini yake kidogo. Ukivuka ule wa juu, taa inapofusha watu. Kama ukutani hakuna ukingo wowote, mwanga umesambaa tu, hiyo ni balbu iliyochomekwa isipostahili. Kipimo hiki kiingie kwenye ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama, kabla ya stika kubandikwa.

Tafadhali msianze na faini. Skrubu za kurekebishia zipo nyuma ya taa na fundi anamaliza kazi muda mfupi. Mtu apewe siku kadhaa arekebishe, akirudi vile vile ndipo aandikiwe. Waiteni pia mafundi na wauza spea wa Mwanjelwa, kwa sababu wao ndio wanaoulizwa na mteja balbu ipi achukue.

Jambo moja la mwisho: zoezi lifanyike kuanzia saa moja jioni. Mchana ukingo wa mwanga hauonekani vizuri ukutani, na sisi wa mizigo jioni hiyo ndio tunafunga maturubai, hamtatukosa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Dereva wa Fuso, Igurusi.