Nimemtoa kwa baba yake, sasa ananitii mimi

Mpendwa Mshauri,

Mimi ni mhadhiri, na huu ni mwaka wa sita nimeongezewa kazi ya ulezi wa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tafadhali nisome mpaka mwisho kabla hujanicheka.

Kila muhula wa kwanza nawaita ofisini mmoja mmoja, na swali ni lilelile: kozi hii uliichaguaje? "Baba alisema." "Nilifaulu vizuri, mwalimu akasema nisipoteze alama zangu." "Nyumbani wameniita daktari tangu nikiwa darasa la nne." Wala hawalalamiki. Wanalisema kama mtu anayekutajia tarehe yake ya kuzaliwa. Nikiuliza, "Na wewe mwenyewe?" wengi hutazama mlango.

Mwanasaikolojia James Marcia aliwaandika vijana wa namna hii mwaka 1966. Alizungumza na wanafunzi wa chuo kuhusu kazi, dini na siasa, akipima mambo mawili: je, mtu amewahi kuhangaika na njia nyingine, na je, ameshika msimamo? Wapo walioshika msimamo bila kuhangaika hata siku moja; wamepokea walichopewa na wazazi wakakivaa. Kwa nje wametulia, na hapo ndipo ninaposhindwa, maana aliyetulia haji kuomba msaada. Kwa haki niseme pia kwamba mtu anaweza kuhangaika kweli kisha akarudi kwenye chaguo la mama yake, na hapo likawa lake. Sipigani na wazazi. Ndio wanaolipa ada, na mara nyingi hofu yao ina sababu.

Nimejaribu mbinu. Niliwapa zoezi: andika mambo uliyoyafanya mwezi huu bila kuagizwa na mtu. Kijana mmoja aliniletea orodha nzuri, mwandiko safi, kila jambo na namba yake. Kisha akauliza, "Mwalimu, nimepata ngapi?"

Sasa shida yenyewe. Kati ya wanafunzi ninaowalea yupo binti anayesoma ufamasia. Anafaulu, hana kelele. Siku moja akanisimulia jinsi anavyojifunza lugha ya alama kwa mwenzake wa hosteli asiyesikia, na jinsi anavyomfasiria wakiwa kwenye mikutano ya wanafunzi. Mshauri, uso ulibadilika! Mikono ilikuwa inazungumza kabla ya mdomo. Nikaropoka, "Mbona usihamie elimu maalumu?"

Baada ya siku nne alirudi na fomu ya kubadili kozi, imejazwa yote isipokuwa nafasi ya sahihi yangu. "Nimefanya ulivyosema, mwalimu." Nikamuuliza nyumbani wamelipokeaje. Akanijibu, "Baba amekasirika, ila nimemwambia mlezi wangu ndiye aliyeamua."

Sikulala vizuri usiku ule. Nilidhani nimemfungulia mlango, kumbe nimembadilishia baba. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu: mimi nilisomea nilichosomea kwa sababu kaka yangu alikisomea. Nimekuja kukipenda, lakini ilinichukua miaka kumi. Huenda nilipomtazama yule binti nilikuwa najitazama mwenyewe, nikaharakisha.

Nilijaribu kurudi nyuma. Nilimwambia achukue muda, ahudhurie vipindi viwili vya kozi ile kama msikilizaji tu, aongee na walimu wake, kisha aniambie ameona nini. Alihudhuria vyote viwili, akaandika muhtasari. Nilipouliza ameonaje, akanijibu, "Wewe unaonaje?"

Fomu iko kwenye droo yangu. Dirisha la kubadili kozi linafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Nisipotia sahihi, nimemwamulia abaki. Nikitia, nimemwamulia ahame. Wenzangu ofisini wanasema ni mtu mzima, nisaini niachane naye. Lakini aliyezoea kuamuliwa miaka kumi na minane hawezi kujifunza kuamua kwa siku nane, tena mbele ya mtu anayempa alama.

Naomba unisaidie: nimuulize nini, au ninyamaze vipi, ili akijibu nisisikie sauti yangu mwenyewe? Na baba yake akipiga simu, nimwambie nini ambacho ni kweli?

Mlezi mwenye fomu kwenye droo