Usiniletee manukato, niletee anime

Kikwajuni, Unguja

Shoga yangu wa moyo,

Assalaam alaykum warahmatullah. Najua huko Toronto theluji bado ipo. Sisi huku kaskazi imekaza, nyumba hailaliki mpaka feni izunguke usiku kucha. Wote wazima, alhamdulillahi. Nilimpitia mama yako nikamkuta barazani anasuka ukili, na habari ya kwanza aliyonipa ni kwamba unakuja kufunga kumi la mwisho nyumbani. Furaha niliyoipata sijui niielezeje.

Umeniuliza uniletee zawadi gani. Wifi yako ameshaagiza manukato, wadogo zako viatu. Mimi manukato sitaki na viatu ninavyo. Niletee anime, zile katuni za Kijapani. Nataka maboksi ya DVD, yale ya bei nafuu yenye mfululizo mzima ndani ya boksi moja, na lazima yawe na sauti za Kiingereza.

Utaniambia siku hizi yote yamo kwenye simu. Yamo, lakini bando linakwisha kabla ya hadithi, na kilichomo leo kesho kimeondolewa. Tazama yaliyotokea kwa Funimation, ile kampuni ya Texas iliyokuwa ikiweka sauti za Kiingereza kwenye nyingi ya anime tunazozipenda. Sony ilichukua hisa zake nyingi mwaka 2017, halafu 2021 Funimation ikainunua Crunchyroll, mpinzani wake wa kuonyesha anime mtandaoni, kwa zaidi ya dola bilioni moja, na mambo yakaanza kuhamishiwa huko. Tarehe 2 Aprili 2024 huduma ya Funimation ya mtandaoni ikazimwa. Maboksi yao mengi yalikuwa na kikaratasi chenye namba. Ukiiingiza mtandaoni unapata nakala ya kidijitali ya anime uliyoinunua. Zile nakala hazikuhamishwa. Mtu alilipa pesa yake halali, akafungua siku ile akakuta hana kitu, na mwenziwe aliyeweka diski kabatini anaangalia mpaka leo. Tangu nisome habari ile, kila nikipata senti ya ziada naiweka kwa ajili ya diski.

Na bei zenyewe zilivyoshuka ni rehema. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kule Marekani anime iliuzwa diski moja moja, yenye sehemu tatu, nne au tano, na diski moja ikifika dola 25 mpaka 30. Mfululizo wa sehemu 26 ulitaka diski sita au saba, tena zikitoka kwa kupishana miezi. Piga hesabu uone ni nani angeweza. Kisha soko likayumba: kampuni ya Geneon iliacha kuuza anime Marekani mwaka 2007, na ADV Films ikafungwa 2009. Waliobaki wakawa wanauza mfululizo mzima kwa pamoja. Funimation wakatoa safu yao ya S.A.V.E., kava zake zina kijani, hadithi nzima chini ya dola 30, na nyengine chini ya 20. Hizo ndizo nilizozikusudia. Picha ni ile ile na sauti ni zile zile, kilichopungua ni mapambo ya boksi tu. Mimi mapambo ya boksi yana faida gani kwangu?

Sasa nikwambie hasa kwa nini nataka zenye sauti za Kiingereza, maana kaka yako kila tukikutana hunambia anime ni ya Kijapani na ukiitia sauti nyengine umeiharibu.

Unakumbuka giza la Disemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima haina umeme miezi mitatu? Ami yako alikuwa na jenereta na deki, na zile diski alizokuja nazo kutoka Muscat. Watoto wa mtaa mzima tukijazana kwenye mkeka, petroli ikimwagwa kwa kupimwa, tukiangalia Fullmetal Alchemist ile ya mwanzo, ya 2003. Ndugu wawili wanataka kumrudisha mama yao aliyekufa. Kaka anapoteza mkono na mguu, mdogo, Alphonse, anapoteza mwili wote, roho yake inafungwa ndani ya vazi la chuma. Lile dude kubwa la chuma linapoinuka na kusema, inatoka sauti ya mtoto. Wewe ulilia, na mimi nililia. Diski zilikuwa za kuchoma, na kabla ya mwisho picha ikaganda. Mwisho wake hatukuuona.

Miaka baadaye nikaipata Fullmetal Alchemist: Brotherhood, ile ya 2009 yenye sehemu 64, inayoisimulia hadithi upya kwa kufuata kitabu. Nzuri kupita kiasi. Lakini mdogo mtu alipofungua mdomo nikasema, huyu siye. Nikatafuta habari zake. Sauti tuliyoisikia kwa ami yako ilikuwa ya Aaron Dismuke, na alipoirekodi alikuwa bado mtoto kweli. Ilipofika zamu ya Brotherhood sauti yake ilikuwa imeshavunjika, Alphonse akapewa Maxey Whitehead. Kijapani jambo hili halikutokea, kwa sababu Alphonse wa kule ni mwanamke mtu mzima, Rie Kugimiya, na aliifanya mara zote mbili. Kwa hivyo ile sauti ya mtoto wa kiume anayetetemeka ndani ya chuma ipo kwenye toleo la Kiingereza la 2003 peke yake, na haiwezi kurekodiwa tena maisha. Na bado sijakwambia tamu yake: kwenye Brotherhood Dismuke alirudi, safari hii akawa sauti ya baba yao Alphonse enzi za ujana wa huyo baba. Aliyekuwa mtoto akaja kuwa mzazi. Mtu anayesema sauti za Kiingereza ni kitu cha kubandikwa juu juu, mwambie aketi aangalie zote mbili.

Na kazi yenyewe ni ngumu, shoga. Japani waigizaji wengi husimama chumba kimoja wakajibizana. Marekani aghlabu kila mmoja huingia peke yake. Masikioni husikia milio mitatu, na pale ambapo wa nne ungelia ndipo anapoanza kusema. Mbele yake ipo picha, mdomo uliochorwa unafunguka na kufumba, na maneno yake lazima yaingie humo humo. Kabla yake kuna mwengine aliyekaa kuyapanga upya maneno yaliyofasiriwa, ili mdomo ukifumba pawe na herufi ya kufumba, m au b au p, na sentensi isizidi wala isipungue. Unamsikia mtu analia kilio cha msiba, kumbe yuko peke yake chumbani, na anayemlilia labda alisharekodiwa zamani au zamu yake bado.

Wapo waliofika mbali zaidi kwa kazi hii. Baccano! ni hadithi ya majambazi wa New York miaka ya 1930 na kitu, na waigizaji wa Kiingereza walisema kwa lafudhi za majambazi wa zama hizo. Hapo mimi nasema wazi, hata kaka yako akinuna: hadithi hiyo imekaa vizuri zaidi kwa Kiingereza kuliko kwa Kijapani, kwa sababu watu wake ni wa New York. Na Cowboy Bebop, sauti ya Steve Blum ile ya uvivu na huzuni, chini ya uongozi wa Mary Elizabeth McGlynn, nani atasema imepungua? Mwaka 2014 Space Dandy ilianza kuonyeshwa Marekani kwa Kiingereza tarehe 4 Januari, siku moja kabla ya kuonyeshwa Japani. Siku hizi anime nyingi mpya hupata sauti za Kiingereza wiki chache tu baada ya kutoka, nami nazifuata nikipata bando, mkono unakuna nazi na sikio liko huko. Maandishi ya chini hayakuachii kukuna nazi.

Lakini DVD naitaka kwa jambo moja kubwa zaidi, na wewe ndiye wa kwanza kuambiwa. Nataka kujifunza kuzitia anime sauti za Kiswahili.

Sianzi kwenye jangwa. Mwaka 2011 TBC walionyesha ile tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake kwa Kiswahili, na watu waliifuata mpaka Rais Xi Jinping akaitaja katika hotuba yake Dar es Salaam mwaka 2013. StarTimes mwaka 2016 wakafanya mashindano ya kutafuta sauti za Kiswahili, na washindi wakapelekwa Beijing kufanya kazi. Bi mkubwa wangu Kituruki hajui hata neno moja, lakini tamthilia za Kituruki za Azam hazimpiti, isha ikishasaliwa tu yuko mbele ya kioo. Kitu kikisema lugha ya nyumbani, nyumba nzima inakaa. Iweje anime isiwe hivyo? Na sauti zitafutwe wapi kama si hapa Unguja, ambako kaumu nzima inajua kusimulia?

Tumeshaanza, mimi na watoto wa dada. Tunazima sauti ya TV, kila mtu anapewa mtu wake, tunasema wenyewe. Hapo ndipo nilipoona uzito wake. Kiswahili chetu kirefu: mdomo wa kwenye picha umeshafumba na sisi bado tuna neno zima la kumalizia. Mpwa wangu mdogo anakimbiza maneno mpaka hayafahamiki. Basi nikaanza kuyakata. Badala ya "nimekwambia usiende huko" nikampa "nilikukanya", na ikakaa barabara kwenye mdomo. Ilipokaa, tulipiga kelele mpaka jirani akachungulia.

Kwa kazi hii hakuna cha kushinda DVD. Nabonyeza kitufe kimoja cha rimoti, sehemu ile ile inahama kutoka Kijapani kwenda Kiingereza, narudisha nyuma, nasikiliza walikata wapi na waliongeza wapi. Bando halina habari, na intaneti ikikatika najifunza vile vile. Hizi za kiwandani hasa ndizo nzitakazo, kwa sababu hugongwa ndani ya plastiki yenyewe. Zile za kuchoma huandikwa kwenye rangi, na rangi hufifia kwa joto na mwanga, na joto letu unalijua. Na pia, ukinunua halali, aliyelia peke yake chumbani ametendewa haki.

Sasa mambo ya kuangalia dukani. DVD zimegawiwa kwa kanda za dunia, na deki ya kanda moja kwa kawaida haisomi diski ya kanda nyengine. Kanada na Marekani ziko kanda ya 1, sisi huku tuko kanda ya 5, lakini deki yangu fundi ameshaifungua, inasoma zote, kwa hivyo usihangaike. Nunua huko huko Toronto, usingoje kununua London ukipita. Baadhi ya DVD za Uingereza huharakishwa kwa asilimia 4 ili zikubaliane na mfumo wa TV wa huko, na sauti za watu hupanda kidogo. Mtu mwengine hatambui, mimi inanikera. Blu-ray usilete, sina cha kuichezesha. Geuza boksi usome nyuma: pasipoandikwa kuwa ina sauti za Kiingereza, iache, hata iwe rahisi vipi. Kampuni ya Sentai Filmworks, kwa mfano, wametoa kadhaa zenye Kijapani na maandishi tu.

Kama fedha itatosha boksi moja, liwe Fullmetal Alchemist ya 2003, sehemu 51. Litafute kwa wauza vilivyotumika, halina haja ya kuwa jipya, ila fungua ukague diski zote zimo na hazina mikwaruzo ya kuzunguka. Likifuatiwa na Baccano! nitakuombea dua mpaka Arafa. Trigun au Samurai Champloo, sehemu 26 kila moja, chukua ukiikuta bei ya chini, usiiendee safari maalumu. Dragon Ball Z iache, watoto wanaipata kwa watu.

Ukifunga mizigo, hakikisha kila diski imebana kwenye kitovu chake, maana ikichomoka itasuguliwa njia nzima. Weka maboksi katikati ya nguo. Pesa nitakupa mkononi ukifika, na usianze maneno yako ya "acha tu", hii ni biashara.

Mwisho wa Fullmetal sitauangalia peke yangu. Nitakungoja tuuangalie pamoja baada ya tarawehe, na ami yako nimeshamwambia, kasema atakuja na tende. Ukilipata hilo boksi nipigie hata kama huku ni usiku wa manane.

Wasalaam,
Shogaako wa Kikwajuni