Barua ya wazi kwa Mkuu wa Kikosi cha Zimamoto: Tusitumwe tena kubisha hodi bila kujua la kusema

Afande Mkuu,

Shikamoo. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu mbili zilizopita ofisini hazikujibiwa.

Jumanne iliyopita paa lilimwangukia mwenzetu wa zamu akiwa ndani anatafuta watu, akafariki. Mimi ndiye niliyetumwa kuipa familia yake habari: "Nenda wewe, mnafahamiana." Nilikwenda peke yangu, nanuka moshi, sijafundishwa hata neno la kwanza la kusema. Kabla ya hapo tulipoteza karibu saa nzima tukiulizana anaishi wapi. Fomu yake ya ndugu wa karibu aliijaza siku alipoajiriwa, na namba iliyomo ni ya mama yake, marehemu tangu zamani.

Nilimkuta mkewe amesimama mlangoni, simu mkononi. Akanionyesha picha iliyokwisha kusambazwa: kofia ya mumewe, namba yake inasomeka, juu ya kifusi. Akaniuliza, "Ni kweli?" Sikuweza kufungua mdomo.

Tukarudishwa zamu usiku uleule. Kabati lake hadi leo limefungwa, maana hakuna anayejua nani ana ruhusa ya kulifungua.

Afande, miaka mitatu iliyopita ulisimama mbele ya jeneza la mwenzetu mwingine ukaahidi mpango maalumu. Ulisema hatutashtukizwa tena. Tumeshtukizwa. Nadhani mpango ule ulikwama kwa kuwa wakubwa wanaona kupanga habari za kifo ni uchuro. Lakini kila tarehe 4 Mei unatupanga mstari kuwakumbuka wazimamoto waliokufa, na siku hiyo chimbuko lake ni wenzetu 5 walioteketea katika moto wa msitu huko Linton, Australia, Desemba 1998. New York ilipoteza askari wa zimamoto 343 siku moja mwaka 2001. Na si moto peke yake unaoua: huko Marekani mshtuko wa moyo umekuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo vya wazimamoto kazini. Hata kesho, mtu anaweza kuanguka hapahapa kituoni akikunja mpira wa maji.

Kinachotakiwa kinajulikana. Waende wawili, mmoja awe kiongozi aliyevaa sare. Waende kwa miguu yao, si kwa simu, na jina lisitangazwe kabla hawajafika. Waseme "amefariki", wasiseme "amepata ajali", maana hapo wanampa mtu matumaini ambayo watarudi kumnyang'anya. Abaki mmoja wa kuishika mkono familia, kwenye mazishi na kwenye mafao, maana mjane anazungushwa dirisha hadi dirisha akiwa bado hajala. Na zamu iliyofiwa ipumzishwe, jamani. Usiku ule dereva wetu aliendesha gari huku analia.

Kama yote hayo ni mengi, basi anza na fomu. Fomu tu, Afande. Kila askari aijaze upya mwaka huu, na kila mwaka.

Yangu nimeijaza jana usiku bila kuagizwa, nikamwachia karani. Nimeandika nyumba ilipo na jirani wa kupitia kwanza. Chini nimeongeza kwamba mama yangu ana shinikizo la damu, asiambiwe akiwa peke yake.

Wako mtiifu,
Askari wa zamu ya usiku