Mbona tunakuandika jina kabla ya kupokea simu yako

Jumamosi iliyopita, duka letu la kutengeneza simu hapa Goma likiwa limejaa watu, baba mmoja, papa kama tunavyosema hapa, alitupigia kelele mpaka wapita njia wakasimama mlangoni kusikiliza. Alikuja kuchukua simu yake. Mdogo wake ndiye aliyeileta Jumatano, kikaratasi chenye namba kilikuwa kimepotea, na sisi tukakataa kuitoa. "Simu iko yangu, naiona na macho yangu, na munaninyima?" Kweli alikuwa anaiona, imelala chini ya kioo cha meza, imekwisha kutengenezwa. Tukamwomba abonyeze namba ya siri ya kuifungua. Akasema mdogo wake aliibadilisha. Tukamwambia basi tutapiga ile namba iliyoandikwa daftarini, tuulize. Tukapiga. Simu ikalia palepale chini ya kioo.

Mdogo wake alikuwa ameandikisha namba ya laini iliyomo ndani ya simu aliyotuachia. Kosa hili tunaliona karibu kila siku, na ndiyo maana siku hizi kijana wa mezani anauliza mara mbili: "Nipe namba ya mtu mwingine, si hii tunayobaki nayo."

Papa aliondoka akisema sisi ni wezi. Jumatatu alirudi na mdogo wake, simu ikatoka kwa dakika mbili, akalipa, akasema aksanti. Lakini maneno ya Jumamosi yalisikiwa na watu wengi, na ya Jumatatu yalisikiwa na sisi watatu tu. Kwa hiyo naandika.

Lalamiko lenyewe si geni. Tangu tufungue hapa Birere, mtaa wa Goma, tumelisikia kwa namna zote: "Fundi, mimi niko mwizi? Mbona munaniandikaka kama ku polisi?" Wengine wanasema tunapoteza muda wao. Wengine wanaogopa kabisa, na hofu yao siicheki. Watu wa Goma bado wanakumbuka RAM, ile daftari ya serikali ya simu iliyoanza mwaka 2020. Simu ndogo ya 2G ilitozwa dola 1 kwa mwaka, simu ya 3G kwenda juu dola 7, na feza ilikatwa kwenye kredi yako hata hujaitumia. Iliondolewa mwaka 2022 baada ya watu kupaza sauti nchi nzima. Mtu aliyekatwa feza vile, akisikia fundi anataja IMEI, namba ya kuitambulisha simu, moyo unashtuka. Namwelewa. Lakini daftari letu haliendi popote, halimkati mtu hata franga moja, na kazi yake ni moja: simu iliyoingia kwa mkono wako irudi kwa mkono wako.

Tunachoandika ni hiki. Jina unaloitwa. Namba ya pili ya kukupata. Aina ya simu na ugonjwa wake kama ulivyoueleza wewe, si kama sisi tunavyoukisia. Alama tunazoziona kabla ya kufungua: ufa, kona iliyobonyea, kamera yenye ukungu. Halafu IMEI, tarakimu 15 zinazotokea ukibonyeza *#06#. Simu ya laini mbili inazo mbili, tunaandika zote. Kama simu haiwaki kabisa tunaitafuta nyuma ya betri, kwenye kibebeo cha laini au kwenye boksi kama umelitunza. Tarakimu nane za kwanza zinasema ni simu ya aina gani, kwa hiyo maelfu wanazo sawasawa na wewe. Zinazofuata ndizo zako peke yako, na ile ya mwisho ni ya kuhakikisha zilizotangulia hazikukosewa. Ufa kwenye kona ya kulia juu si alama ya mtu. Kila simu inayoanguka kutoka kwenye pikipiki hapa mjini inapasuka hivyohivyo.

Hili la ufa lilitugharimu. Mwanzoni tulikuwa tunafanya kazi kwa kukumbuka nyuso, kama mafundi wengi wanavyofanya. Siku moja alikuja kijana mstaarabu, akaeleza simu vizuri kuliko mwenye nayo angeeleza: rangi ya buluu, ufa juu kulia, kava ya mpira, picha ya mtoto mbele. Tukampa. Jioni akaja mama mwenyewe. Kijana yule alikuwa amekaa nyuma yake ndani ya basi siku mbili nzima za safari, anaiangalia ile simu mkononi mwake. Tulimlipa mama dola 120, kwa mafungu matatu, na mwezi ule sikumlipa mtu hapa dukani mshahara kamili. Lakini dola zilikuwa jambo dogo. Ndani ya simu ile kulikuwa na picha za mume wake aliyefariki, na hizo sikuwa na fungu la kumlipa.

Kesho yake nilinunua daftari.

Basi tufike kwenye njia ya mkato ambayo wateja wanaipenda, maana hapo ndipo hasara ilipo. Mtu anaingia mbio, anaweka simu juu ya meza: "Iko kitu kidogo tu, ni shimo la chaji, usiniandike, narudi saa nane." Tukisisitiza anaichukua, anavuka barabara, anampa mtu mwenye kimeza na bisibisi mbili. Siwasemi vibaya wenzangu wa barabarani, wengine wana mikono mizuri kuliko yangu na mimi mwenyewe nilianzia huko. Shida ni kwamba yule mteja hajui jina lake, na yeye hajui jina la mteja. Mwezi wa jana dada mmoja alifanya hivyo kwa simu yenye kioo cha OLED, kile chenye weusi wa kweli. Alirudishiwa simu inayochaji, akafurahi. Usiku akaona rangi zimefifia, na mahali pa kuweka kidole hapasomi tena. Kioo chake kilitolewa kikawekwa cha LCD cha bei ya chini. Alfajiri alikwenda kumtafuta yule mtu, akakuta mama anauza sambaza, samaki wadogo, pale kilipokuwa kimeza. Alikataa dakika tano za kuandikwa, akanunua kioo kingine kwa dola 65. Ningefurahi kumpunguzia, lakini kioo chenyewe hatukiokoti: kinavuka mpaka, kina kodi yake, na kikifika kimevunjika hasara ni yetu.

Juu ya bei niseme wazi, kwa sababu wapo wanaodai feza ya kufungua simu ni "feza ya kaye", yaani ya daftari. Kuandikwa ni bure. Dola 2 tunazochukua ni za kufungua na kupima, na zinaingia ndani ya bei ukikubali kazi. Ukikataa zinabaki, kwa maana kuifungua simu iliyogundishwa kwa gundi bila kuvunja kioo ni nusu saa ya moto mdogo na subira, na aliyefanya hivyo ana watoto. Simu iliyoingia maji tunaisafisha kwa alkoholi kali isiyo na maji mengi, tunapiga brashi ubao mzima chini ya kioo cha kukuzia. Ukituletea baada ya kuiweka siku nne ndani ya mchele tutaipokea, ila tutakuandikia mbele ya jina lako "ilikaa kwenye mchele", kwa sababu mchele hautoi maji chini ya vifaa vidogo, unaongeza vumbi lake tu, na zile siku nne kutu inakula. Tunaliandika ili lisije likageuka kuwa "nyinyi ndio mliiua".

Na hapo ndipo daftari linapomlinda mteja na fundi pamoja. Barabarani husemwa kwamba duka fulani hubadilisha betri nzima kwa betri kuukuu. Nasi tumesemwa. Neno la mtu asiyejitaja tunalisikia, hatulifukuzi, pengine ni la kweli. Lakini sina namna ya kurudisha betri kwa neno. Akija mtu na namba ya kikaratasi, tunafungua ukurasa wake, tunaona ni nani aliyeishika simu, siku gani, na nini kilitoka na nini kiliingia. Mara mbili tumekuta kosa ni letu. Mara zote mbili tulitengeneza upya bila kuchukua kitu, na kijana aliyekosea aliomba radhi mwenyewe.

Kuna simu tunazikataa hata kwa dola mia. Mtu ameinunua kwa nusu bei, haina boksi, inadai akaunti ya Google ya mwenye zamani au iCloud ya mtu asiyemjua, anataka tuidekode, yaani tuvunje kufuli hilo. Android imeweka kufuli hilo tangu mwaka 2015, iPhone tangu 2013, na liliwekwa kwa ajili ya aliyeibiwa. Usipotupa jina la aliyekuuzia wala njia ya kumpigia, hatuigusi. Wapo watakaokuflashia, yaani kuiwekea simu programu upya. Wakikosea, simu inaamka bila IMEI, laini zinakataa kushika mtandao, na hapo unakuja kwetu kutaka muujiza kwa bei ya kuflashi.

Sasa hofu ya kweli, ambayo kosa lake lilikuwa letu. Miaka ya mwanzo daftari lilikaa wazi juu ya meza. Kila aliyekuja kuandikwa alisoma waliomtangulia. Kijana mmoja, mteja tu, alipiga picha ukurasa, akaanza kuwapigia wasichana usiku. Mmoja wao alikuja na kaka yake, na alikuwa na haki ya kila neno alilosema. Tangu siku hiyo anayeandika ni mtu wetu peke yake, daftari linafunikwa, usiku linafungiwa. Namba ya siri ya simu yako hatuiandiki mahali popote. Tukihitaji kujaribu mguso unaibonyeza wewe. Kama simu inalala kwetu na ni Samsung ya karibuni, tunakuonyesha namna ya kuiweka katika hali ya matengenezo, ili fundi ajaribu kamera na sauti bila kuona picha zako. Mwaka ukiisha, ukurasa ambao simu zake zote zilichukuliwa tunauchoma.

Na kadi ya mpiga kura, ambayo wengi hapa wanaitumia kama kitambulisho, hatuilazimishi. Hili nililijifunza kwa watu waliofika wakikimbia vita vya Masisi na Rutshuru. Wengi walikuwa wameacha kadi ndani ya nyumba zilizoungua. Ningewaambia nini, warudi wakaichukue? Wako pia wanawake ambao hawataki mtu wa nyumbani ajue simu iko wapi, na sababu zao hazinihusu. Kwa wote hao tunaandika jina lolote wanalotaka kuitwa, na neno moja la siri wanalolichagua, linaloandikwa kinyume kwenye ukurasa wa mwisho. Dada mmoja tunamjua kwa jina la Furaha kwa miaka mitatu sasa. Sidhani ni jina lake. Simu zake zote zimerudi mikononi mwake, na akilalamika tunajua tunamjibu nani. Ninachohitaji ni kwamba aliyeleta na anayechukua wawe mtu mmoja. Cheti cha kuzaliwa sikihitaji.

Wanaoniambia haya ni makuu kwa duka dogo, nawakumbusha Mei 2021. Volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku wa Jumamosi tarehe 22, lava ikakata barabara ya Rutshuru na kusimama karibu na uwanja wa ndege. Matetemeko yakaendelea. Alhamisi tarehe 27, alfajiri, tukaambiwa sehemu kubwa ya mji ihame. Nilikuwa na simu 46 za watu. Nilizitia ndani ya mfuko wa unga, daftari juu yake, nikaenda kwa miguu njia ya Sake, mji ulio magharibi ya Goma, umati wote ule, watu na magodoro, mbuzi, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zimebeba wazee. Mke wangu aliniuliza kwa nini nimebeba simu za watu na kuacha masufuria yetu.

Kule nilikaa chini ya ukuta wa shule nikaanza kupiga, jina kwa jina. Wengine walikuwa mita mia kutoka nilipo. Mama mmoja alikuwa ametengana na watoto wake tangu asubuhi na namba ya dada yake wa Bukavu ilikuwa ndani ya simu niliyoibeba tu. Simu 39 zilikuwa na jina na namba ya pili, na kabla mwezi wa Julai haujaisha zote 39 zilikuwa zimewafikia wenyewe. Saba zilikuwa za wale "usiniandike, narudi saa nane". Tano wenyewe walikuja mjini kulipotulia, tukahangaika na boksi, na mashahidi, na kubonyeza namba za siri.

Mbili bado ziko hapa. Sitaji aina, rangi wala alama zake, na mwenyewe ataelewa kwa nini. Aje na boksi, au na namba ya laini iliyokuwa ndani, au na mtu aliyekuwa akimpigia mara nyingi mwaka ule. Kila baada ya miezi mitatu tunazichaji ili betri zisife. Mwezi uliopita zote mbili ziliwaka.