Risala ya Wanafunzi wa Darasa la Kiswahili la Jumamosi, Lowell, Massachusetts, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, walimu wetu, wazazi na walezi, wageni waalikwa, hamjambo? Karibuni sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kukubali kufunga nasi mwaka wa masomo. Wengi wetu wazazi wetu walitoka Kenya, wengine Tanzania na Kongo. Kiswahili tunakisikia nyumbani. Hapa tunajifunza kukisoma na kukiandika. Mwaka huu mwalimu alitupa kazi moja: tuzungukie mawe na minara ya Vita vya Uhuru vya Marekani iliyo karibu nasi, tusome yaliyochongwa, kisha tuwasimulie bibi na babu zetu kwa simu.

Tulianzia Lexington. Siku ya Wazalendo, sikukuu ya Massachusetts ya mwezi wa Aprili, tuliondoka hapa gizani ili tuwahi maigizo ya alfajiri. Tarehe 19 Aprili 1775, wanamgambo wapatao 77 wa Kapteni John Parker walisimama kwenye uwanja ule mbele ya askari wa Uingereza waliowazidi sana kwa idadi. Wenyeji wanane waliuawa. Mnara wao ulijengwa mwaka 1799, na mwaka 1835 mabaki ya saba kati yao yalihamishiwa hapo. Majina yao bado yanasomeka, na tuliyasoma kwa sauti, moja baada ya jingine.

Concord, kwenye Daraja la Kaskazini, walikopigana tena siku ileile, tuliiona sanamu ya mwaka 1875 iliyochongwa na Daniel Chester French: mkulima ameshika gobori, plau lake ameliacha ubavuni. Ng'ambo ya pili, kando ya ukuta wa mawe, kuna kaburi la askari wa Uingereza waliopigwa risasi siku ile. Mwenzetu alipomsimulia bibi yake aliyeko Kisii, bibi alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na adui naye wamemwekea jiwe?" Tukamjibu ndiyo, bibi, na watu huja kusimama hapo kimya.

Kule Charlestown tulipanda vidato 294 vya mnara wa Bunker Hill, ukumbusho wa vita vya tarehe 17 Juni 1775. Miguu iliuma siku mbili.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, jiwe lililotushika zaidi ni dogo. Liko Lexington, mbele ya Buckman Tavern, nyumba ya wageni ya zamani, karibu kabisa na ule mnara wa 1799. Ni la Prince Estabrook, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, aliyesimama pamoja na kikosi cha Parker asubuhi ile akajeruhiwa. Mnara mkubwa umeandika waliokufa, na yeye alipona, akaendelea kupigana, hatimaye akapata uhuru wake. Jiwe lake liliwekwa mwaka 2008. Tulipiga hesabu palepale: miaka 233. Dada mmoja wa darasa letu alisema hesabu hiyo imemuuma, na sisi sote tulikubaliana naye.

Tuliporudi, mwalimu alituuliza kama tunajua ni nani amelala karibu na kwetu. Hatukujua. Ni Barzillai Lew, mtu mweusi aliyezaliwa huru, mpiga filimbi wa kikosi kilichotoka Chelmsford, aliyekuwepo Bunker Hill. Alimnunulia uhuru Dinah Bowman, kisha akamwoa. Waliishi ng'ambo ya Mto Merrimack, mahali palipokuwa Dracut na sasa ni Lowell. Alifariki mwaka 1822, akazikwa katika makaburi ya Clay Pit, mji huuhuu tunaoishi. Baadhi yetu hupita mtaa ule kila siku kwenda shule. Tulikuwa tumepanda vidato 294 kuona mahali alipopigania, kumbe yeye ni jirani.

Hatukukosa changamoto. Wazazi wengi hufanya kazi za zamu, hata Jumamosi, kwa hiyo safari mbili ziliahirishwa kwa kukosa madereva. Tena kuna maneno yaliyotushinda: wale wanamgambo walioapa kuwa tayari kwa dakika moja, kwa Kiingereza "minutemen", tumewaita "wanamgambo wa dakika", na mpaka leo tunabishana kama jina hilo linafaa.

Tunaomba mambo matatu. Utusaidie kupata basi la kwenda Framingham, kwenye kaburi la Peter Salem, mpiganaji mwingine mweusi wa Bunker Hill, ambaye mji wake ulimwekea jiwe mwaka 1882. Utushike mkono tuchapishe kijitabu cha masimulizi haya, kwa Kiswahili, tuwatumie bibi na babu nyumbani. La tatu ndilo tunalolitaka kuliko yote: utuombee ruhusa kwa wahusika, ili mwezi wa Aprili ujao, tukitoka Lexington, tupite Clay Pit na mafagio yetu tufagie majani, na mwenzetu anayejifunza filimbi ampigie Mzee Lew.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.