Barua ya wazi kwa Seneta wetu wa Tennessee: usituzimie WSM, redio yetu ya AM 650

Mheshimiwa Seneta,

Salamu kutoka kwenye usukani wa trela. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa madereva wenzangu na majirani zangu hapa Nashville ndio watakaoisoma kwanza. Wewe utatafutiwa mkalimani. Sisi tumeshazoea kutafutiwa.

Majuzi mke wangu alinunua gari la umeme. Niliketi nikaanza kutafuta redio ya AM. Nilipapasa kioo cha dashibodi, nikafungua hiki nikafunga kile, wapi! Muuzaji akacheka, akaonyesha simu mkononi mwangu: "Kila kitu kimo humo, mzee." Watengenezaji wanasema mota za umeme hutia mikwaruzo kwenye masafa hayo. Kumbe dawa ya mikwaruzo ni kuing'oa redio.

Nilizaliwa Kericho. Jumapili alasiri baba alikuwa akianika betri juani zipate uhai kidogo, tumsikilize Jim Reeves, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Hatukujua kwamba mtu huyo aliingia Grand Ole Opry, kipindi cha redio cha muziki wa kantri cha hapa Nashville, mwaka 1955, wala kwamba ndege yake ilianguka karibu na Brentwood tarehe 31 Julai 1964, mji ule ule ulio na mnara wa WSM, kituo kinachorusha kipindi hicho kwenye AM 650. Leo naupita mnara huo nikienda kazini.

WSM haikuzaliwa na wapenda muziki, Mheshimiwa. Kampuni ya bima, National Life, iliifungua tarehe 5 Oktoba 1925, na herufi zake zilitoka kwenye kaulimbiu ya kampuni: tunawakinga mamilioni. Tarehe 28 Novemba mwaka huohuo, mtangazaji George D. Hay alimkalisha mbele ya maikrofoni mzee wa miaka 77, Uncle Jimmy Thompson, na fidla yake. Watu wakaomba zaidi, na Jumamosi usiku ikapata mwenyewe mpaka leo.

Kuna doa pia, nami silipiti. DeFord Bailey, Mweusi, alikuwa akiigiza garimoshi kwa kinanda cha mdomo mpaka unalisikia likipanda mlima. Usiku ambao Hay alilitamka jina Opry kwa mara ya kwanza, mwaka 1927, Bailey ndiye aliyepiga. Mwaka 1941 wakamwachisha kazi, akaishia kung'arisha viatu mjini humu. Jumba la Heshima la muziki wa kantri lilimpokea mwaka 2005, naye alishafariki tangu 1982.

Mwaka 1932 kituo kilipanda hadi wati 50,000 na kusimamisha ule mnara ulionenepa kiunoni, wenye futi 808 sasa. Mchana wimbi lake hutambaa ardhini. Jua likizama hupaa, likagonga tabaka la juu la anga na kurudi chini mamia ya maili mbali. Nikitoka Indianapolis jioni na mzigo, 650 huanza kwa mnong'ono, ikapotea, ikarudi na banjo, na kabla sijauvuka mpaka wa Kentucky imeshakaa sawa kama mtu aliyeketi kiti cha pili. Hailipiwi bando. Haiulizi nywila.

Mei 2010 mto Cumberland ulipofurika, maji yaliingia mpaka juu ya jukwaa la Opry. Watu wa WSM walihamia kwenye jengo la mitambo pale Brentwood, wakaendelea kutangaza. Usiku wa namna hiyo, simu ya yule muuzaji ingenisaidia nini ikiwa minara yake imezama?

Mwaka 2023 mswada wa kulazimisha AM katika kila gari jipya ulifikishwa Bungeni, ukarudishwa tena 2025. Nakuomba uupiganie hadharani, tena kwa kuitaja WSM kwa jina, maana jimbo lako ndilo lenye mnara. Ukitaka kusikia ninachokisema, kiti cha pili ki wazi. Naondoka Indianapolis Alhamisi, saa kumi na moja jioni.

Wako,
Dereva wa trela, Nashville