Nukta za barafu

Tandika, Dar es Salaam
Februari

Shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku kwenye joto. Nilipoisoma barua yako kuhusu mwanao na zile grafu za nukta nilicheka, maana wiki hiyohiyo nilikuwa nahangaika nazo na binti wa jirani. Yuko kidato cha tatu, jioni huja kwangu tuisheni ya hesabu.

Mama yake anauza barafu za ubuyu. Nikamwambia binti aachane na mifano ya kitabuni, kila siku aandike joto la saa nane mchana na idadi ya barafu zilizouzwa. Baada ya siku ishirini tukachora: joto kwenye mhimili mlalo, mauzo kwenye mhimili wima. Nukta zikapanda kwenda kulia, si kwa mstari ulionyooka, ila kama siafu wanaojua waendako. Huo ndio uhusiano chanya. Zingekuwa zinashuka, ungekuwa hasi; zingetapakaa kama mchele uliomwagika, hapo hakuna kitu.

Nukta moja ilikaa chini peke yake: nyuzi 33, barafu nne. Binti akachukua kifutio. Nikamzuia, nikamuuliza siku hiyo kulikuwa na nini. Akawaza weee, kisha: "Umeme ulikatika tangu usiku." Basi nukta ikabaki, tukaandika sababu pembeni.

Na ile r anayoikariri mwanao, namba inayopima jinsi nukta zinavyofuata mstari ulionyooka, inayoanzia -1 hadi 1, asiiamini kabla hajachora. Mwaka 1973 Mwingereza mmoja, Francis Anscombe, alitoa seti nne za namba, kila moja nukta 11, na zote r yake ni kama 0.82. Ukizichora, ya kwanza ni ya kawaida, nyingine imepinda kama upinde, na nyingine nukta kumi zimesimama wima mahali pamoja huku moja ikiwa mbali, na hiyo moja ndiyo inayoibeba r yote! Mimi mwenyewe shuleni sikuambiwa hili, nilikokotoa tu.

Sasa sikia kichekesho. Binti alinogewa, akahesabu pia watoto wa uani wenye harara, akachora dhidi ya barafu. Nukta zikapanda vilevile. Mama yake akaja kwangu na kanga kiunoni: "Mwalimu, kwa hiyo barafu zangu ndizo zinawatia watoto harara?" Nikamweleza kwamba joto ndilo linalopandisha vyote viwili. Hakunielewa, au hakutaka. Binti ndiye aliyemaliza: "Mama, hata friza tukilizima, harara itatoka tu."

Grafu hiyo mama ameichana, asije mteja akaiona. Ile ya kwanza kaibandika kwenye mlango wa friza.

Msalimie shemeji, na huyo kijana mlete likizo.

Wako,
Mwanaidi